Kompyuta imegoma kurudi nyuma
Jamani, kompyuta ya nyumbani imenitoa jasho na baridi hii yote ya Uyole, Mbeya! Umeme ulikatika ikiwa katikati ya kusasisha, basi ikawa inaganda tu. Nikajaribu kurejesha mfumo (System Restore) ulivyokuwa wiki iliyopita. Kila ikikaribia kumaliza inagoma: kosa 0x80070005, yaani imenyimwa ruhusa kugusa faili fulani. Fundi wa Mwanjelwa akataka apige Windows upya. Nikamwambia subiri kwanza, kaka.

Kumbe programu ya kuzuia virusi ndiyo iliyolishikilia faili! Nikaizima, nikawasha kompyuta kwa hali salama (Safe Mode, inayowasha vitu vya lazima tu), nikarudia. Ikakubali. Picha za harusi ya dada zipo zote, maana urejeshaji huu haugusi picha wala nyaraka. Zinazoondoka ni programu ulizoweka baada ya tarehe hiyo. Wenye Windows 10, kagueni ulinzi wa mfumo (System Protection), maana ndio unaohifadhi hali ya nyuma ya kurudia. Mara nyingi huja umezimwa.