Kuokoka na Kuokolewa

Juzi, ndani ya matatu iliyokwama kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo, mama mmoja aliyeketi kando yangu aliniuliza, "Mwanangu, umeokoka?" Nilimjibu kwamba ndiyo, naye akasema, "Bwana asifiwe," lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani.

Hapa Nairobi neno hilo lina historia yake. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika Kenya mwaka 1937, na waumini wake walizoea kusimama mbele ya wenzao na kusimulia siku waliyookoka, desturi ambayo ingali hai katika makanisa mengi. Hata hivyo, Waefeso 2:8 haisemi "mmeokoka" bali "mmeokolewa". Anayesema kikombe kimevunjika hamtaji aliyekivunja, na anayesema ameokoka vivyo hivyo hamtaji aliyemwokoa, ilhali anayesema ameokolewa hulazimika kumkumbuka Mwokozi. Nakiri kwamba miaka mingi nilitamka "nimeokoka" kana kwamba ni cheti nilichokisomea, ingawa aya inayofuata yasema wazi kwamba wokovu hautokani na matendo, mtu awaye yote asije akajisifu.

Tena Paulo hatumii wakati mmoja tu wa kitenzi hicho. Katika 1 Wakorintho 1:18 anaandika "tunaookolewa", na katika Warumi 5:9 anaandika "tutaokolewa". Nikikutana tena na mama yule, nitamwambia kwamba nimeokolewa, ninaokolewa, na ninatarajia kuokolewa, ikiwa kondakta atatupa nafasi ya kumaliza mazungumzo.