Leo nimeusikia msuli wangu

Alhamisi, usiku

Mkono wa kulia bado una alama mbili nyekundu za sindano, moja kwenye shina la kidole gumba, nyingine karibu na kiwiko. Haziumi tena. Naandika leo leo kabla sijasahau, maana wiki nzima nimelala vibaya kwa kuogopa kipimo ambacho hakuna aliyenieleza kikoje. Niliambiwa tu, "Utapimwa neva kwa umeme." Neno umeme likanikaa kichwani.

Yalianza mwaka jana, kazi za Idi zilipojaa. Naamka saa nane usiku mkono umekufa ganzi, naukung'uta kama nguo inayotaka kuanikwa, ndipo hisia inarudi. Ganzi hushika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kizima kabisa. Kumbe hiyo nusu ndiyo iliyomfanya daktari aushuku mshipa mmoja wa fahamu, yaani neva, unaopita katika kinjia chembamba kwenye kifundo cha mkono. Halafu mkasi ukaanza kuniponyoka. Kwa fundi nguo, mkasi kuponyoka juu ya kitambaa cha mteja si jambo dogo.

Chumba kilikuwa na kiyoyozi. Mpimaji, kijana mpole, alinishika mikono akasema, "Mama, umepoa sana. Tuipashe kwanza." Akaifunika kwa taulo la moto. Neva ikipoa hupeleka habari polepole, na mashine inaweza kuonyesha ugonjwa ambao haupo. Mafuta nilishakatazwa kupaka, kwa sababu vibandiko havishiki. Aliniuliza pia kama nina kifaa cha umeme cha moyo kifuani, au natumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kama unavyo hivyo, sema kabla hujapanda kitandani.

Umeme wenyewe ni hivi: unabandikwa vibandiko vyenye waya, kisha unaguswa kwa kifaa chenye ncha mbili. Ile shoti ni kama ukijigonga kiwiko kwenye kona ya meza. Akaongeza kidogo, gumba likaruka lenyewe. Inashtua kuliko inavyouma. Mashine inapima habari inachukua muda gani kusafiri. Neva nzima ya mkono huenda mita 50 kwa sekunde au zaidi. Yangu ilikuja vizuri kutoka kiwikoni, ikafika kwenye kifundo ikachelewa. Akapima na neva ya kidole cha mwisho, na mkono wa kushoto, apate kulinganisha.

Sindano alichoma daktari mwenyewe. Ni nyembamba, haina dawa wala haikupigi shoti, kazi yake ni kusikiliza. Ile ya kwenye gumba iliuma, sitamdanganya mtu.

"Legeza mkono, mama."

Nikalegeza. Kimya.

"Sasa inua gumba, taratibu."

Spika ikatoa mlio: ta, ta, ta, kama matone ya kwanza juu ya bati. Nilipokaza, mvua ikamwagika yote. Machozi yakanitoka, na hayakuwa ya maumivu. Mkono huu umesomesha watoto watatu, na sikuwahi kuusikia. Daktari akaniambia kile kimya cha mwanzo ndicho alichokitaka, kwa kuwa msuli ulioanza kupoteza neva zake hupiga kelele hata ukiwa umepumzika.

Yote yalichukua kama saa moja. Sikutakiwa kufunga kula, na nilirudi mwenyewe kwa daladala. Jibu ni kwamba neva imebanwa, kiasi cha wastani, na msuli haujaharibika. Nimepewa kifaa cha kufunga usiku ili kifundo kisikunjike nikilala, na baada ya wiki 6 nirudi.

Gauni la harusi ya Jumamosi nimempa binti yangu alikate. Nimemsikia sasa hivi sebuleni akilipigia pasi. Nakifunga kifaa changu, nilale.