Dawa ya kantangaze na msuli wa kupumua

Kamwene. Msimu wa nyanya umechanganya hapa Ilula, na kila anayeingia dukani kwangu anataka dawa ya kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Nauza, ndiyo kazi yangu. Ila anayechukua zenye profenofosi au klorpirifosi simwachi aondoke kabla hajanisikiliza.

Dawa za kundi hilo, organofosfeti, huzuia kimeng'enya kinachozima amri ya mishipa ya fahamu kwenye misuli. Amri ikikosa wa kuizima, msuli unachezacheza, unachoka, mwisho unalegea. Na dayaframu, ule msuli mpana chini ya mapafu unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kupumua, nayo haina kinga ya pekee.

Dalili za mwanzo za sumu hii wengi wanazijua: jasho, udenda, kutapika, mboni za macho kusinyaa. Mgonjwa akichomwa atropini, sindano ya kutuliza dalili hizo, udenda unakauka, anaongea, ndugu wanaanza kudai ruhusa wawahi kuchuma. Hapo ndipo ninapogomba nao. Kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu kuingia, mwingine hulegea upya, na atropini hairudishi nguvu za misuli. Mwambie alale chali, anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, ita daktari papo hapo: shingo ikilegea, pumzi inaweza kufuata, na huenda akahitaji mashine ya kumpumulia kwa siku kadhaa.

Yote hayo yanaepukika shambani. Vibarua wetu wanapiga dawa huku solo, lile bomba la kupulizia, linavuja mgongoni, shati limelowa tangu asubuhi, na sumu hii hupita kwenye ngozi. Ziba kwanza panapovuja, ndipo ujaze. Halafu nozeli ikiziba wanaipuliza kwa mdomo! Ioshe kwa maji. Glovu za mpira, mikono mirefu, suruali nje ya buti. Upepo ukikuelekea, acha. Na mabaki kwenye chupa ya soda, jamani, hapana.

Juzi mama mmoja kaniuliza, "Kaka, aliyepata sumu si tunampa tu maziwa?" Maziwa hayaondoi sumu hii, mama. Vaa glovu, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali. Chupa ya dawa nenda nayo daktari asome lebo, maana ukimwambia "ile ya kantangaze" hujamwambia kitu. Hapa kwangu tu ziko za kila aina.