Siku moja na dawa ya maji, kutoka kisimani hadi mfereji wa mwisho

Saa 11:30 alfajiri

Swala imekwisha, mji unaanza kuoga na kuteleka chai, na ndani ya nusu saa maji yatavutwa kwa kasi kuliko saa yoyote nyingine. Kwa hiyo pipa la dawa huanza kukaguliwa sasa hivi, kabla ya kitu chochote.

Dawa ni klorini ya chembechembe nyeupe, nguvu yake asilimia 65 hadi 70 ndoo ikiwa mpya. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na ndoo iliyoachwa wazi hupoteza nguvu, ndiyo maana tarehe ya kufunguliwa huandikwa juu ya mfuniko. Tuseme pampu ya kisima inatoa mita za ujazo 60 kwa saa, nasi tunataka miligramu 1 ya klorini katika kila lita. Hizo ni gramu 60 kwa saa. Pipa la lita 100 lenye dawa ya asilimia 1 linachukua kilo 1 ya klorini tupu, yaani kilo 1.54 za unga wa asilimia 65. Kila lita ya pipa ina gramu 10, basi mrija unaodondoshea dawa kwenye maji ya kisima utoe lita 6 kwa saa, ambazo ni mililita 100 kwa dakika. Unaweka silinda ya kupimia chini ya mrija, unatazama saa, unangoja dakika moja kamili.

Ikisoma 100, vizuri. Ikisoma 60, usikimbilie kuongeza unga pipani. Tazama ncha ya mrija kwanza. Maji ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo ikikutana na dawa hujenga ukoko mweupe mgumu kama ule wa ndani ya birika. Tundu hubana kidogo kidogo, siku ya tatu au ya nne mji unakunywa maji yenye nusu ya dawa na pampu bado inanguruma kama kawaida. Ncha hutolewa, huoshwa kwa maji safi mpaka harufu ya klorini iishe, kisha hulowekwa kwenye siki. Usiitie kwenye siki ikiwa bado na dawa: tindikali na klorini zikikutana hutoa gesi yenye sumu, na chumba cha pampu ni kidogo.

Saa 1 asubuhi

Klorini haiui papo hapo. Inahitaji kukaa na maji nusu saa angalau, na kazi hiyo hufanyika ndani ya tangi. Tangi likiwa karibu tupu, maji hupita moja kwa moja kwenda mjini kabla dawa haijamaliza kazi. Kwa hiyo kina cha tangi hupimwa pamoja na klorini. Hupimwa pia uchafu unaoelea, hasa masika: mvua kubwa ikinyesha, maji hupenya nyufa za matumbawe upesi na kisima huvurugika. Tope hula dawa na huwaficha vijidudu. Kipimo cha uchafu huo kikivuka NTU 5 (NTU ni kizio cha ukungu wa maji), kisima hicho husimamishwa, hata kama watu watalalamika.

Chumvi nayo hutazamwa hapa. Chini ya kisiwa maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari: kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita 40 hivi zilizo chini. Ukivuta kwa pupa, ile mita 1 ikapungua, chumvi hupanda kutoka chini kwa hesabu hiyo hiyo. Kisima kilichoingiwa na chumvi hakiponi kwa klorini. Hupumzishwa.

Saa 3 asubuhi

Sasa ni mitaani, na hapa ndipo kazi ilipo. Maji yakiwa salama tangini bado hayajawa salama mtaani, kwa sababu dawa huliwa njiani na kutu, na utando wa ndani ya mabomba, na muda. Kwa hiyo huanza kupimwa mfereji wa mwisho wa kila laini, ndipo kurudi nyuma. Tangini tunataka klorini miligramu 0.5 hadi 0.8 kwa lita. Mwisho wa laini isipungue 0.2.

"Hodi! Shikamoo bibi. Tunapima maji."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mfereji huu unatoka bombani au kwenye tangi la juu?"

"La juu. Wa bombani ule pale uani."

Swali hilo lisiposahauliwa huokoa nusu ya makosa. Tangi la plastiki lililokaa juani siku mbili litasoma sifuri hata kama bomba ni zima. Mfereji wa uani hufunguliwa dakika moja au mbili, kichupa husuuzwa, hujazwa mpaka alama ya mililita 10, kidonge namba 1 cha DPD, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa rangi ya waridi, hupasuliwa ndani yake bila kuguswa na vidole. Waridi likitokea, lisomwe ndani ya dakika moja. Waridi likitokea na kupotea ghafla, usiandike sifuri: huenda klorini imezidi mno hadi imeikausha rangi. Changanya sampuli na maji yasiyo na klorini, upime tena.

Mfereji ukisoma sifuri kweli, kurudi nyuma hatua kwa hatua ndiko kunakoonyesha pengo lilipo. Mara nyingi ni pale bomba linapopita karibu na karo au shimo la choo, penye uvujaji mdogo. Bomba likiwa limejaa, tundu hutoa maji nje. Umeme ukikatika, pampu ikasimama, bomba hubaki tupu na tundu lile lile huvuta uchafu ndani. Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi. Tangu hapo hakuna fundi wa maji anayeuchukulia umeme kama jambo la wengine. Mabonde yanayotuama maji ya mvua, kama Mwanakwerekwe, hupimwa mara mbili.

Saa 5 asubuhi

Sampuli za vijidudu. Chupa imechemshwa na ina chembe za thiosulfeti za kuikata klorini, la sivyo dawa huendelea kuua njiani na jibu litakuwa la uongo. Chupa hii haisuuzwi. Midomo ya mfereji huchomwa moto, maji hutiririka, chupa hujazwa na kuachiwa nafasi ya hewa, kisha kwenye boksi la barafu. Ifike maabara ndani ya saa sita.

Saa 8 mchana

Bomba limepasuka. Vali haifungwi kabisa: maji kidogo yaendelee kutoka mpaka shimo lichimbwe chini kuliko bomba na kukaushwa, ndipo ifungwe. Kiungo kipya hupanguswa kwa dawa ya asilimia 1. Baada ya kufunga, maji humwagwa mpaka yawe maangavu na kichupa kionyeshe waridi.

Saa 10 alasiri

Maabara: mililita 100 hupitishwa kwenye karatasi ya chujio yenye vitundu vya maikroni 0.45, huwekwa kwenye chakula cha vijidudu, hupashwa joto la nyuzi 44 usiku kucha. Sahani za jana husomwa. Doa moja la manjano, ambalo ni dalili ya vijidudu vya kinyesi, linatosha kurudi kwenye mfereji ule leo leo, bila kungoja kesho.

Saa 12 jioni

Pipa la pili huchanganywa: maji kwanza, unga juu yake, kamwe si maji juu ya unga. Funika, uache mashapo yatuame usiku. Alfajiri huchukuliwa maji maangavu ya juu tu.

Umeme ukikatika usiku na kurudi, mlinzi ana maagizo: afungue vali ya kumwagia kabla ya vali ya mji, maji ya mwanzo yaende mtaroni, kisha apige simu.