Ribeti ya pampu ya joto si mshahara jamani

Wiki mbili sijalala vizuri sababu ya meseji moja tu kwenye grupu ya chama. Nilikuwa nimeposti picha ya pampu yetu mpya ya joto, ile mashine moja inapoza nyumba kiangazi na kuipasha joto baridi ikija, nikajisifu kidogo kwamba hapa Georgia, Marekani, nimepata ribeti, yani serikali inakulipia sehemu ya bei, nikalipiwa nusu, dada mmoja akajibu "subiri IRS, hiyo ni income", yani watu wa kodi wa Marekani wataihesabu kama mapato. Basi, furaha kwisha.

Hesabu ilikuwa hivi: bili ya fundi dola 12,000, ribeti ikala 6,000, mimi nikatoa 6,000. Hela yenyewe hata sijaiona, ilikatwa kwenye invoisi. Halafu mtu anayenijazia ritani ya kodi (simtaji) naye akataka kuiweka kwenye mapato! Nikaona hapa nisome mwenyewe, usiku, watoto wakishalala.

Kumbe IRS walishajibu tangu Aprili 2024, tangazo namba 2024-19. Ribeti za nishati za nyumba zilizotoka kwenye sheria ya Biden ya 2022 zinahesabiwa kama punguzo la bei, siyo mapato. Ni kama umeenda Gikomba ukabembeleza mpaka ukapunguziwa koti, nani atakuambia ulipokea mshahara? Anayetakiwa kuweka ile 6,000 kwenye mapato ni fundi, maana yeye ndiye aliyelipwa. Nilipompigia akacheka sana, eti hilo analijua siku nyingi.

Sasa mtego uko hapa, na wengi wataingia. Pampu iliwekwa 2025, kwa hiyo nilikuwa na haki ya ile krediti ya kupunguziwa kodi, asilimia 30 ya gharama, mwisho dola 2,000. Lakini huruhusiwi kuipiga kwenye 12,000, unapiga kwenye ulichotoa mfukoni, yani 6,000, unapata 1,800. Mtu wangu wa ritani alikuwa anataka kunikosesha mara mbili, anaongeza mapato ambayo si mapato, halafu kwenye fomu 5695, ya kuombea hiyo krediti, anajaza bili yote. Na wewe unayepanga kuweka mwaka huu usiihesabu kabisa hiyo krediti, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2025.

Siku nikiuza nyumba pia, gharama ninayoongeza kwenye bei niliyonunulia, ili kupiga hesabu ya faida, ni 4,200 tu, yani 6,000 yangu ukitoa krediti ya 1,800. Hilo halininyimi usingizi, faida ya mpaka 250,000 kwenye nyumba uliyoishi miaka miwili kati ya mitano ya mwisho kwa kawaida IRS hawaikati kodi.

Ila msichanganye na programu nyingine, tangazo hili ni la ribeti hizi tu. Ukiletewa 1099, ile fomu ya kuonyesha hela uliyolipwa, usiitupe, IRS wana kopi yao, kaa chini ujue ni ya nini kwanza.

Yule dada nimemtumia tangazo kwenye grupu. Tiki za bluu, kimya. Baada ya saa moja akaja inboksi kuniomba namba ya fundi.