Nilivyodhibiti hatari ya moto wa umeme dukani na nyumbani

Duka langu la kushona liko Mji Mkongwe, chini ya nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Watu wakiziona kuta nene namna ile hudhani nyumba haiungui. Kuta haziungui, kweli, lakini dari yetu ni boriti za mikoko, ngazi ya mbao, milango ya mbao, na mimi ndani nimejaza vitambaa. Uchochoro wa mbele hauingii hata gari dogo, seuze la Zimamoto. Kwa hiyo tangu nilipokodi chumba kile nia yangu ilikuwa moja: moto usianze.

Nilianza kwa mkono. Jioni, baada ya pasi na ovaloki, mashine ya kukunga kingo za kitambaa, kufanya kazi kutwa, nilizima, nikachomoa, kisha nikagusa kila plagi kwa mgongo wa kiganja. Ya cherehani ilikuwa baridi. Ya pasi ilikuwa ya moto hata nikaurudisha mkono. Nilipomulika tochi kwenye soketi nikaona plastiki imegeuka kahawia pembeni ya tundu moja, na ikitoa harufu ya shombo. Mjini kwetu shombo la samaki halimshitui mtu, ndiyo maana nalitaja: plastiki ya soketi ikizidiwa na joto huweza kunuka hivyo hivyo. Ukiisikia harufu hiyo ndani na hukununua samaki, zima kwanza.

Fundi umeme alipoifungua soketi ile akanionesha. "Bi, pasi yako haina ubaya. Tazama skrubu zilivyolegea, na shaba imeshika kutu ya kijani kwa hii hewa ya chumvi." Nikamuuliza mbona breka haikukata. Akanieleza kwamba breka inaangalia wingi wa mkondo unaopita. Haijui kama kwenye kiungo waya umelegea. Palipolegea umeme hupita kwa shida, shida hiyo hugeuka joto, na joto huzidi kulegeza. Soketi inaweza kuiva taratibu kwa miezi huku kila kitu kinafanya kazi kama kawaida.

Baada ya hapo nikajifunza hesabu moja, nayo naifundisha kila msichana anayekuja kujifunza kushona kwangu. Umeme wetu ni volti 230. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa 230, unapata ampea. Pasi ya wati 1,200 inakula ampea 5 na kitu. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 karibu 9. Ukiviweka pamoja kwenye ekstensheni moja umeshapita 13, ambazo ndizo plagi yetu ya pini tatu inazostahimili. Na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya linaongezeka mara nne. Hapo ndipo nilipokubali gharama: pasi ikapata soketi yake peke yake, waya wa unene wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka yake, na fundi akafunga pia kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Nililipa kidogo kidogo.

Kukatika kwa umeme ni jambo jingine. Unguja tunaletewa umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwepo wanalikumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Giza lenyewe haliunguzi kitu. Ninachokiogopa ni umeme kurudi wakati pasi imelala juu ya kitambaa na watu wameshatoka kupunga upepo barazani. Dukani kwangu umeme ukikatika, kabla mtu hajatafuta tochi, plagi ya pasi inatoka ukutani. Vipande vya vitambaa chini ya meza tunavizoa kila jioni.

Nyumbani kazi ilikuwa ya kubembeleza. Mama mkwe alikuwa na feni yenye plagi ya pini mbili, akiiingiza kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu.

"Mama, hicho kijiti nakiogopa."

"Mwanangu, mbona inaingia tu?"

Nikamwonesha jinsi zile pini nyembamba zinavyocheza ndani ya tundu, na cheche zinavyoruka feni ikitikisika. Aliziona kwa macho yake, na siku ile ile tukabadilisha plagi. Ekstensheni iliyokuwa imekunjwa chini ya busati nayo tuliitoa, kwa sababu pale joto halina pa kutokea. Ramadhani, brenda na oveni vinapofanya kazi kwa pamoja kabla ya futari, friji ina soketi yake.

Karibu na mlango wa duka nimetundika kizimamoto cha unga mkavu. Wasichana wanajua meni swichi iko wapi, na kwamba maji hayamwagwi kwenye kifaa kinachowaka kabla umeme haujakatwa.

Kilichobaki ni ngazi ya nyumba ile yenye duka, ambako waya wa zamani umelala juu ya boriti na ngozi yake inapukutika ukiigusa. Mimi na wapangaji wa juu tumekubaliana tuchange. Fundi keshapima, na ataanza na huo.