Shukrani ya dada yangu

Leo alfajiri nilikuwa nikimwuguza dada yangu, ambaye maumivu yalimnyima usingizi usiku kucha.

Aliniomba nimwinue ili asali.

Alitetemeka, akitua kila baada ya neno kutafuta pumzi, lakini alianza kwa kushukuru, kisha akawaombea wagonjwa wenzake kwa majina.

Nimefundisha subira kwa miaka mingi, na leo ndipo nimeelewa kwa nini Al-Ghazali, mwanachuoni mashuhuri, aliacha wadhifa wake wa ualimu Baghdad mwaka 1095, akitafuta maarifa yanayopatikana kwa kuonja, wala si kwa kusoma pekee.

Sauti ya dada ingali masikioni mwangu, hasa ile shukrani ya kwanza.

Ndugu zangu, ni shida gani iliyowafunza jambo la kiroho ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuwaeleza?